Kidani cha Ugogo: maneno ya sonara mmoja mbele ya wanafunzi wa sanaa, Dodoma

Mbukwenyi! Wazee wangu, shikamooni. Vijana, hamjambo.

Nimeombwa nieleze mapambo ninayotengeneza yanatoka wapi. Wateja wangu, hasa wanaokuja mjini kwa mikutano, huniuliza, "Hiki kidani ni cha asili ya Kigogo?" Nikisema ndiyo, wanatoa hela. Nikianza kufafanua, wanatazama saa. Leo mmeshakaa, kwa hiyo nafafanua.

Karne ya 19 misafara ya pwani ilipokwenda Tabora ilipita hapa Ugogo. Maji yalikuwa ya shida na visima vilikuwa na wenyewe, basi watemi wakatoza hongo, yaani ushuru wa kupita: vitambaa, waya wa shaba, shanga. Shanga nyingi zilitoka Venice, Italia. Fundi wa Venice hakuwa na habari zitavaliwaje. Huku waya ukazungushwa mkononi kuanzia kwenye kifundo kupanda juu, ndewe za masikio zikatanuliwa zibebe mapambo, na shanga zikapangwa kwa macho ya watu wa hapa. Malighafi ilikuwa ya mgeni, uvaaji ukawa wa mwenyeji. Kwa hiyo anayeniambia niache madini ya fedha na shaba nitumie mbegu tu, eti ndipo niwe wa asili, simsikilizi.

Ukitaka ukongwe, nenda Kondoa. Watu wanakwenda Kolo kutazama michoro ya miambani, na wana haki, maana iko kwenye Urithi wa Dunia tangu 2006. Mimi kilichonishika ni kwenye pango la Kisese, lililochimbwa mwaka 1956. Humo zilipatikana shanga za ganda la yai la mbuni, na baadhi zina umri wa zaidi ya miaka 40,000. Kisahani kidogo, tundu katikati, basi. Vidani vyangu vya visahani vimetoka hapo. Yai la mbuni lenyewe siligusi, sitaki kesi ya nyara za serikali. Natumia pembe za ng'ombe kutoka machinjioni. Nazichemsha, nazikata, natoboa kwanza ndipo nasaga kingo, kwa sababu ukisaga kwanza kisha kisahani kikapasuka kwenye kutoboa, kazi yote imepotea.

Sasa jiwe. Haneti, wilayani Chamwino, kuna krisoprezi, jiwe la kijani kama tufaha bichi. Ukijani wake ni wa madini ya nikeli. Hili halitaki kukatwa pembepembe kama tanzanaiti, kwa sababu mwanga haupiti vizuri ndani yake. Linapendeza likichongwa mgongo wa mviringo na kung'arishwa. Tena haliwezi moto: likipata joto kali rangi hufifia. Kwa hiyo nyumba yake ya fedha naimaliza kabisa, nalehemu, nasafisha, naacha ipoe, ndipo naliweka jiwe na kuusukuma ukingo mwembamba wa fedha kidogo kidogo, upande huu kisha upande wa pili, hadi ulibane. Mkisukuma upande mmoja tu, jiwe litakaa mshazari na mteja ataliona kabla yenu.

Rangi hiyo ndiyo iliyonifanya niache kupanga mawe mengi kwenye pete moja. Dodoma kwa miezi mingi ni vumbi jekundu na nyasi kavu, na kijani kimoja kinatosha kabisa.

Winza kule Mpwapwa kumetoka rubi zilizowatoa wafanyabiashara nchi za mbali. Kinachoniudhi ni mawe yetu kuondoka ghafi, halafu tunayanunua kwenye pete za watu. Anayetaka kujifunza kukata, kituo cha jemolojia, elimu ya vito, kipo Arusha. Madini ya fedha ya kufanyia kazi, anzeni na yale yenye fedha asilimia 92.5, inayobaki ni shaba. Fedha tupu ni laini mno kwa pete ya kila siku.

Kwenye meza ile kuna hereni na vidani. Vishikeni, mvigeuze nyuma mtazame kilipolehemiwa, maana fundi hupimwa huko. Maswali ya bei tutaongea pembeni.