Ukali na Uvumilivu katika Kuhamisha Historia ya Msimbo

Mabibi na mabwana, katika historia ya Rails, mradi wa nyenzo za kujengea tovuti, imo komiti moja, yaani badiliko moja la msimbo lililohifadhiwa pamoja na tarehe yake, ambayo saa za eneo zimeandikwa +051800. Sisi wa Nairobi na Dar es Salaam huandikiwa +0300, tarakimu nne tu, na hakuna mahali duniani panapohitaji sita. Programu ya fast-import, inayoingiza historia ndani ya Git, mfumo wa kutunza matoleo ya msimbo, ilipokutana na tarehe ya namna hiyo ilisimama papo hapo na kuuacha uhamishaji njiani.

Wanaotetea ukali husema data mbovu isipokelewe mpaka irekebishwe. Rai hiyo inamfaa anayetunga historia mpya kwa skripti yake, kwa kuwa kosa lingali mikononi mwake. Aliyekabidhiwa historia ya miaka mingi hana uhuru huo. Jina la kila komiti ni heshi, yaani mfuatano wa herufi na tarakimu unaokokotolewa kutokana na yote yaliyomo ndani yake, pamoja na majina ya komiti zilizoitangulia. Kwa hiyo ukigusa tarakimu moja ya tarehe, jina hilo na majina ya komiti zote zilizotokana nayo hubadilika, saini za kidijitali hubatilika, na nakala zilizoko kwa wenzako hazilingani tena na yako. Isitoshe, ukaguzi wenyewe wa tarehe ndani ya fast-import haukuwa wa kujivunia, maana dakika zilizozidi 59 uliziachia zipite.

Toleo la 2.28 la Git, la mwaka 2020, liliongeza muundo wa tarehe uitwao raw-permissive, unaopokea namba kama zilivyo, huku ukaguzi wa awali ukibaki kwa asiyeuomba muundo huo. Naona watengenezaji wa Git walipatia.

Hata hivyo, uvumilivu huo una mpaka. Mwaka 2018 ilitangazwa kasoro ya usalama ya Git iliyosajiliwa kwa namba CVE-2018-11235, ambapo jina la moduli ndogo (mradi uliopachikwa ndani ya mradi mwingine) lililotungwa kwa hila lingeweza kuendesha msimbo wa mshambuliaji katika kompyuta ya anayenakili hazina ya msimbo pamoja na moduli zake. Toleo la 2.17.1 liliifundisha amri ya git fsck, inayokagua uzima wa data, kulitambua jina hilo, na seva iliyowasha receive.fsckObjects, mpangilio wa kukagua kila kinachopokelewa, hulikataa. Tarehe mbovu humpotosha anayesoma kumbukumbu. Jina lile humdhuru hata asiyesoma chochote, na hapo sioni sababu ya kulegeza. Kwa makosa yasiyo na madhara, msimamizi ataje heshi za vitu vibovu vinavyojulikana katika orodha ya receive.fsck.skipList, ili visamehewe hivyo tu, na kipya chenye kosa lilelile kikataliwe.