Baba wa Makinda Hawa ni Nani? Mhadhara kuhusu kindege wa Canberra

Mwenyekiti, walimu wenzangu, nanyi wanafunzi mlioacha mpira jioni hii, asanteni kwa kuja.

Nitazungumzia kindege wa Australia asiyefikia hata gramu 15. Wataalamu humwita Malurus cyaneus. Leo tumwite malurusi. Msimu wa kuzaa dume hung'aa kwa buluu kichwani na mashavuni, jike yeye ni kahawia tu. Ukiwatazama kwa darubini utaona familia ya kupigiwa mfano: jike na dume wana eneo lao, na pamoja nao wamo madume wengine, aghalabu wana waliokua wakakataa kuhama. Mabinti huondoka. Vijana waliobaki huwaletea wadudu wadogo zao kiotani.

Picha hiyo ilivurugwa na pete. Mwishoni mwa miaka ya 1980, Andrew Cockburn wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia alianza na wenzake kuwafuatilia malurusi wa Bustani ya Taifa ya Mimea jijini Canberra, kwenye miteremko ya Black Mountain. Ndege hunaswa kwa wavu wa nyuzi nyembamba mno, huvishwa pete ya chuma yenye namba na nyingine za plastiki za rangi. Nyekundu juu ya njano mguu wa kushoto, buluu mguu wa kulia: huyo ni mmoja tu bustani nzima. Hutolewa tone la damu kwa ajili ya kupima vinasaba, kisha huachiwa. Kinachofuata ni kutembea na kusoma rangi kwenye vijiguu visivyotulia, msimu baada ya msimu. Anayetafuta picha za kujionyesha mtandaoni asiifuate kazi hii.

Damu ilipopimwa, mambo yakawa mengine kabisa. Utafiti uliochapishwa mwaka 1994 na Raoul Mulder na wenzake ulionyesha kwamba asilimia 76 ya makinda walikuwa na baba wa nje ya kundi. Zaidi ya robo tatu! Baadaye majike walifungwa vitoa-ishara vidogo vya redio, ikajulikana wanatoka saa ngapi: kabla hakujapambazuka, siku chache kabla ya kutaga. Jike huruka moja kwa moja hadi kwa dume aliyemchagua, kisha hurudi kwenye eneo lake mwenyewe. Anayependwa sana ni dume aliyevaa buluu mapema, baridi ikiwa bado kali, miezi kadhaa kabla ya msimu. Na jike mwenye wasaidizi huthubutu zaidi, maana hata mwenziwe akilegea, wa kulisha wapo.

Wasaidizi nao waliwasumbua watafiti. Vijana wanahangaika kutwa, lakini makinda wanaowalisha hawawazidi uzito wale wasio na msaidizi yeyote! Mwaka 2007 jibu lilipatikana ndani ya yai. Mama mwenye wasaidizi hutaga mayai madogo, yenye lishe pungufu, na chakula cha vijana kinafidia pengo. Anayefaidika ni mama mwenyewe, ambaye huwa na nafasi nzuri zaidi ya kuuona msimu unaofuata. Mimi nauona huu ndio ugunduzi mzuri kuliko yote, ingawa magazeti yalipenda zaidi habari za alfajiri.

Nimalizie na kekeo, ndege anayetaga kwenye viota vya wengine. Kekeo wa Horsfield hutaga kwenye kiota cha malurusi. Kinda lake huanguliwa mapema na kuwasukuma wenzake nje. Mwaka 2003 Naomi Langmore na wenzake walionyesha kwamba jike wa malurusi huvitelekeza karibu asilimia 40 ya viota vyenye kinda hilo. Anamtambuaje? Diane Colombelli-Négrel na Sonia Kleindorfer, wakifanya kazi karibu na Adelaide, walieleza mwaka 2012 kwamba mama huwaimbia mayai siku za mwisho za kuatamia, na kila mama ana sauti yake. Makinda wakishaanguliwa, wanapoomba chakula hulia kwa sauti hiyohiyo. Watafiti walibadilisha mayai kati ya viota, na makinda wakalia kama mama mlezi, si kama aliyewataga. Kinda la kekeo, kwa kuwa hutoka yaini mapema, halina muda wa kutosha kujifunza.

Karibuni kwa maswali.