Kuitazama Zuhura Mchana kwa Darubini Bila Kuumiza Macho

Usiondoe mfuniko wa darubini bado. Na ile darubini ndogo ya kulengea, nayo ibaki imefunikwa. Leo tunaitafuta Zuhura Jua likiwa bado angani, na Jua likiingia kwenye lenzi, kufumba na kufumbua jicho limeharibika. Halitauma, maana retina, yaani utando wa ndani nyuma ya jicho, haina neva za maumivu. Unakuja kugundua baadaye, doa jeusi likishakaa katikati ya kila unachokitazama.

Kinga yetu ni ukuta. Kichujio cha Jua hakifai hapa, kwa sababu kinazima kila kitu isipokuwa Jua lenyewe, hata Zuhura hutaiona. Subiri kipindi ambacho Zuhura ni ya jioni, yaani inatua baada ya Jua, kisha alasiri simama jengo likiwa upande wako wa magharibi. Jua litatangulia kuzama nyuma ya jengo, sayari ibaki juu ya paa.

Tazama hapa chini, karibu na miguu ya stendi. Nimechora mstari wa chaki pale kivuli cha ukuta kinapoishia. Tumesubiri dakika 10, na sasa kivuli kimeshauvuka mstari, kinaelekea mashariki. Hiyo ndiyo dalili tunayoitaka: Jua linazidi kujificha. Kivuli kikirudi nyuma kuelekea ukutani, funika lenzi na uhamishe darubini mara moja. Zuhura ya alfajiri ina hatari hiyohiyo, Jua linapanda likiifuata. Hiyo mimi huiacha kabla Jua halijachomoza, na nakuomba nawe uiache.

Bomba lote la darubini likishakuwa kivulini, mbele hadi nyuma, fungua mfuniko. Anza na lenzi ya kutazamia yenye ukuzaji mdogo kabisa, kisha rekebisha fokasi kwa Mwezi, kama upo, au kwa kitu cha mbali sana. Wengi huiruka hatua hii halafu wanasema Zuhura haipo. Ipo, ila ikiwa nje ya fokasi mwanga wake hutawanyika ukapotelea kwenye bluu ya anga.

Sasa programu ya nyota kwenye simu ikuonyeshe Zuhura iko wapi. Umbali wake na Jua hauzidi digrii 47 hivi. Kama ndiyo unaanza, chini ya 30 usijaribu. Ngumi yako, mkono ukiwa umenyooka, ni kama digrii 10. Sogeza bomba taratibu, ukielekea mbali na ukingo wa paa. Kama stendi yako inajiendesha kwa mota, funika lenzi kila inapozunguka, kwa kuwa inaweza kulipitia Jua njiani.

Ile pale! Nusu duara nyeupe, imekatwa kama Mwezi mdogo, upande unaong'aa ukielekea Jua lilikojificha. Galileo aliona Zuhura ikibadilika umbo hivi mwaka 1610. Itazame utosheke, kisha rudisha mfuniko kwanza, ndipo ugeuze darubini.