Mashine ya Shoti na Goti Lililosagika

BARAKA: Karibuni tena. Leo ni zile mashine ndogo za shoti, zenye waya na pedi za kunata. Mtaani zinauzwa kwa maneno mengi: goti limesagika, ute umekauka, jibu ni hili hapa. Dada Mwanaidi, wewe ni mtu wa fiziotherapia. Zinatibu?

MWANAIDI: Kutibu, hapana. Kutuliza, kwa baadhi ya watu, kwa muda. Unabandika pedi pembeni mwa goti, si juu ya pia ya goti, halafu unapandisha umeme kidogo kidogo mpaka usikie kama sisimizi wanatembea chini ya ngozi. Ikianza kuuma, umezidisha.

BARAKA: Na hao sisimizi wanaondoaje maumivu?

MWANAIDI: Mwaka 1965 watafiti wawili wa maumivu, Ronald Melzack na Patrick Wall, walieleza kwamba uti wa mgongo una kama lango. Taarifa za mguso zikijazana hapo, za maumivu hupita kwa shida. Ndiyo maana ukijigonga, mkono unakimbilia kupasugua.

BARAKA: Kumbe mambo ya juzijuzi tu.

MWANAIDI: Nadharia ndiyo ya juzi. Umeme wenyewe, weee! Karne ya kwanza, tabibu wa Roma, Scribonius Largus, aliandika kwamba mwenye jongo akanyage samaki wa umeme, jamii ya yule samaki bapa aitwaye taa, akiwa hai, ufukweni penye maji, mpaka ganzi impande hadi gotini.

BARAKA: Mama mdogo wangu huyo samaki angemkaanga kwanza.

MWANAIDI: (Anacheka) Na nazi juu! Ila watu wasichomwe hela zao. Mwongozo wa madaktari wa baridi yabisi wa Marekani, 2019, ulikataa mashine hizi kwa goti lililosagika, tena kwa mkazo. NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya tiba, nayo ikasema hivyo hivyo 2022. Ushahidi ni hafifu.

BARAKA: Lakini mtu anakwambia, "Mimi nimepona."

MWANAIDI: Amepata nafuu, simbishii. Namuuliza tu: hiyo nafuu umeitumiaje? Kama amejinyoosha kwenye kochi, basi imepotea. Akae kitini, anyooshe mguu, ahesabu hadi tano, aushushe taratibu. Msuli wa paja ndio unaobeba goti. Mazoezi, na kupunguza uzito kwa aliyezidi, miongozo yote miwili inayataka.

BARAKA: Nani asiiguse kabisa?

MWANAIDI: Aliyepandikizwa kifaa cha mapigo ya moyo. Mwenye kifafa na mjamzito wamwone daktari kwanza. Usibandike kwenye kidonda wala mbele ya shingo. Na wenye kisukari ambao ngozi imekufa ganzi, tahadhari: pedi inaweza kukuunguza usisikie.

BARAKA: Je, goti likivimba ghafla, likawa la moto, na homa juu?

MWANAIDI: Mashine weka kando, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Huenda ni maambukizi ndani ya kiungo, na hayo yanaweza kuliharibu goti kwa siku chache tu.