Leza Inakata, Haiondoi: Mhadhara kuhusu Upasuaji wa Mtoto wa Jicho

Ndugu wauguzi, matabibu na wapimaji wa macho, habari za asubuhi.

Wagonjwa hawachoki kuuliza: "Mtanitoa mtoto wa jicho kwa leza?" Leza haimtoi. Inakata tu, lenzi iliyofifia bado hutolewa na daktari, kwenye chumba cha upasuaji, chini ya hadubini.

Leza yenyewe ni ya femtosekunde: kila pigo lake hupimwa kwa sehemu za milioni ya bilioni ya sekunde. Mwanga wake ni infraredi. Hupita kwenye konea, kioo angavu cha mbele ya jicho, bila kuichoma, na pale tu unapokusanyika huzaa kiputo kidogo cha gesi kinachoachanisha tishu. Viputo maelfu vikipangwa bega kwa bega, huo ndio mkato. Zoltán Nagy, kule Budapest, aliianza kwa wagonjwa wa mtoto wa jicho mwaka 2008.

Maandalizi huanza na matone ya kupanua mboni, na matone ya kuzuia uvimbe yasiyo ya steroidi. Haya ya pili yakisahauliwa, utajuta: leza huamsha prostaglandini, kemikali za mwili zinazoleta uvimbe, mboni inabana, na daktari anafika kwenye hatua ya fako, yaani kuivunja lenzi kwa mawimbi ya sauti na kuifyonza, akiwa na kitundu cha kuchungulia. Jicho likishatiwa ganzi, kikombe cha kufyonza huwekwa juu yake. Msiharakishe hapa. Kikikaa mshazari, lenzi nayo inalala upande, na duara linalokatwa kwenye kifuko chake hukatika sehemu moja likabaki zima sehemu nyingine. Mgonjwa akikohoa, kikombe kinaweza kuachia katikati ya kazi.

Mashine huchora jicho kwa skani ya OCT, picha ya matabaka ya jicho inayopigwa kwa mwanga, daktari anahakiki mistari yote, ndipo anakanyaga pedali. Kwanza hukatwa duara la karibu milimita 5 kwenye ukuta wa mbele wa kifuko cha lenzi. Kisha kiini hupasuliwa kama chapati iliyokatwa robo, ikiachwa takriban nusu milimita kabla ya ukuta wa nyuma. Kiini hakitangulii, kwa sababu gesi yake ingeusukuma ukuta wa mbele na kuuharibu mkato wa duara. Njia za kupitishia vyombo kwenye konea huja mwisho.

Baada ya hapo kuna mitego miwili. Wa kwanza ni uzi mwembamba uliobaki kwenye duara: ukivuta kwa pupa, mpasuko hukimbilia nyuma. Lipake duara rangi ya bluu ya tripani, ulizungukie pole pole, uhakikishe limeachana pande zote. Wa pili ni gesi iliyonaswa nyuma ya kiini. Ukipuliza maji kwa nguvu kabla haijatoka, ukuta wa nyuma hupasuka na lenzi huzama kwenye ute wa jicho. Tikisa kiini kwanza, gesi itoke, ndipo upulize maji kidogo kidogo. Vipande hufyonzwa kwa fako, na lenzi bandia huingizwa.

Konea yenye kovu, kama lile la trakoma, huzuia mwanga. Mboni isiyopanuka na mtu asiyeweza kutulia nao hawafai. Kiini cheupe kabisa leza haikipasui vizuri.

Je, matokeo yanalingana na bei? Tafiti mbili kubwa zilizochapishwa mwaka 2020, FEMCAT ya Ufaransa na FACT ya Uingereza, hazikuonyesha kwamba leza inaishinda fako ya kawaida. Kwa hospitali zetu za mikoa, ningeanza na hadubini nzuri, kipimo sahihi cha nguvu ya lenzi, na daktari hodari wa kuitoa lenzi kwa mkono kupitia tundu dogo lisiloshonwa, la milimita 6 au 7.

Leza mtakayokutana nayo zaidi ni nyingine, YAG, ya nanomita 1064, inayotoboa utando uliofifia baada ya upasuaji. Miezi au miaka baada ya upasuaji mgonjwa hulalamika: "Mtoto wa jicho amerudi." Hajarudi, ni ukuta wa nyuma wa kifuko uliofifia. Panua mboni, anza na karibu milijuli 1, na lenga nyuma kidogo ya ukuta huo, la sivyo utaitoboatoboa lenzi bandia. Uwazi wa milimita 3 hadi 4 unatosha. Pima presha ya jicho baada ya saa moja. Akiona ghafla mimweko, vidoa vingi vinavyoelea, au kivuli kama pazia, arudi siku hiyo hiyo: huenda retina inabanduka.