Mnara wa Mezani na Simu za Majirani

(Mhadhara kwa wanafunzi wa uhandisi wa mawasiliano, Kampala)

Wenzangu, habari za mchana. Walimu wangu mliokaa mbele, shikamooni.

Nimeombwa nizungumzie mnara wa simu wa kujitengenezea. Vifaa vyenyewe havina siri tena. Tangu OpenBTS, programu inayoigeuza kompyuta kuwa mnara wa simu, ijaribiwe mwaka 2008 jangwani Nevada, kwenye tamasha la Burning Man, mtu mwenye laptopu, kadi ya redio inayoendeshwa na programu (kadi kama USRP au LimeSDR), na subira ya kutosha, anaweza kuwa na mtandao wake wa GSM, yaani simu za kizazi cha pili, 2G. Programu za mradi wa Osmocom, za kuendesha mtandao kama huo, zinapatikana bure. Kuuwasha mtajifunza wenyewe, vijana hamna taabu. Mimi nataka tumzungumzie mtu ambaye simu yake itausikia mnara wako na yeye mwenyewe hana habari kama upo.

GSM ina pengo la kuzaliwa nalo: mtandao huihoji laini (SIM) kama ni ya kweli, lakini laini haiuhoji mtandao. Kizazi cha tatu kiliziba pengo hilo, ila simu nyingi mifukoni mwa watu wetu bado zinashika 2G. Simu ya namna hiyo ni kama abiria aliyechoka pale Old Taxi Park, stendi ya teksi mjini Kampala: anaingia teksi ya konda anayeita kwa sauti kubwa, hamuulizi leseni.

Ndiyo maana tunaanza na namba ya mtandao. Mitandao ya Uganda hutangaza namba inayoanza na 641. Kwa majaribio ipo 001, ikifuatiwa na 01. Ukitangaza namba ya kampuni ya simu unakuwa umejifanya wao, na nia yako njema haitakutetea. Tumia 001-01, na laini za majaribio ulizoziandika mwenyewe.

Hata hivyo 001 si ukuta. Simu iliyokosa mtandao wake, tuseme iko kwenye duka la chini ya jengo, hukamata mnara wowote inaousikia ili angalau ipige simu za dharura. Mama mwenye duka akipiga 112, simu yake inaishia kwenye laptopu yako, na humo hamna polisi wala ambulansi.

Kuna jingine ambalo wengi hawalijui. Simu ngeni ikiomba kujiandikisha kwako, mnara wako utaikataa, sawa, lakini utaikataa kwa sababu ipi? Sababu hizo zina namba. Ukijibu kwa namba 2, kwamba laini haijulikani, au namba 3, kwamba simu si halali, simu inaihesabu laini yake kuwa batili mpaka izimwe au laini itolewe. Hata mtandao wake halisi ukirudi, haiendi. Wakala wa pesa za simu atakaa na wateja foleni, anagongagonga simu, na chanzo ni mstari mmoja kwenye faili lako la mipangilio. Jibu kwa namba 11, kwamba mtandao huu hauruhusiwi kwake: simu itakariri kuiepuka 001-01, basi, itarudi kwao salama.

Lakini hayo yote ni ya kujihami. Afadhali simu ngeni isikusikie kabisa, na hapo tunaingia kwenye desibeli, kipimo cha nguvu ya mawimbi. Kadi ndogo hutoa kama miliwati 10, yaani desibeli 10 juu ya miliwati moja. Mtu husema, "Ah, miliwati 10 ni nini?" Tupige hesabu. Kwenye masafa ya megahezi 900, mawimbi hupoteza takriban desibeli 71 na nusu katika mita 100 za hewa wazi. Kumi toa hiyo, unabaki na hasi 61 na ushei. Simu ya GSM inatakiwa isikie mpaka hasi 102! Kwa hiyo hizo miliwati 10 zinasikika kilomita moja na zaidi, kusipokuwa na kizuizi. Umekaa chumbani mtaa wa Kikoni, unamsumbua mtu wa mtaa wa Wandegeya.

Sasa funga kipunguza mawimbi cha desibeli 60 kabla ya antena. Mita 10 tu, simu iko ukingoni mwa kusikia. Vipunguza mawimbi ni vijivyuma vidogo vya kufunga kwa mkono, na kwa maoni yangu vinunuliwe kabla ya kadi yenyewe. Hata upande wa kupokea unavihitaji: simu ya GSM 900 inaweza kurusha wati 2, na ukiiweka karibu utaunguza kadi. Mnara wako uiamuru simu irushe kwa nguvu ndogo kabisa.

Kisha boksi la chuma la kufungia jaribio ndani, mawimbi yasitoke. Mikebe ya biskuti huvuja kwenye kifuniko, na oveni ya maikrowevu imetengenezwa kuzuia masafa mengine kabisa. Weka simu ndani, funga, ipigie. Ikilia, boksi halifai, kwa sababu yanayoingia yanatoka. Isipolia, msishangilie upesi. Huenda mlipo mtandao ni hafifu tu. Kapimeni karibu na mnara wa kampuni.

Na saa ya kadi, yaani kristali inayopanga masafa yake. GSM inataka masafa ya mnara yasipotoke zaidi ya sehemu 0.05 kwa milioni, ambayo kwenye megahezi 900 ni hezi 45. Kristali ya kawaida hupotoka mara mamia ya hapo. Simu haiuoni mnara, na kijana anakimbilia kuongeza nguvu na kutoa vipunguza mawimbi. Ugonjwa ni saa, yeye anatibu nguvu. Mpe kadi saa inayosahihishwa na GPS.

Karatasi sasa. Masafa haya yana wenyewe waliopewa leseni, na Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2013 imeiweka redio yote chini ya UCC, Tume ya Mawasiliano ya Uganda. Boksi zuri si kibali. Andikeni barua kupitia chuo, mtaje masafa, nguvu, mahali na saa za jaribio. Barua yenye hesabu ya desibeli inajibika. Ile ya "tunaomba kufanya utafiti" inamchosha anayeisoma.

Naona dada pale nyuma ameinua mkono… Anauliza: na kijiji kisicho na mtandao kabisa, tukiwawekea wenyewe kuna ubaya gani? Dada, swali zuri. Kule Oaxaca, Mexico, kijiji cha Talea de Castro kiliwasha mtandao wake mwaka 2013, na mwaka 2016 mamlaka ikatoa leseni kwa vijiji vya namna hiyo. Inawezekana. Ila hicho tena si jaribio la mezani, ni huduma: mtu atategemea mnara wako usiku mke wake akishikwa na uchungu. Kabla ya antena, niambie ni nani atapanda juu kubadilisha betri mwaka wa tatu, wewe ukiwa umeshahitimu.