Lifti Kwanza, Marumaru Baadaye

Hamjambo, vijana. Mwalimu wenu aliniomba nizungumzie ukarabati wa majengo ya zamani. Nikamwambia nitazungumzia aina moja tu, ile iliyonilisha miaka mingi kule Chicago: maghorofa ya wazee wanaojitegemea.

Tuelewane kwanza. Sizungumzii nyumba za kulelea wazee. Humu hamna muuguzi wala mpishi. Mzee ana ufunguo wake na jiko lake, na akitaka kukaanga samaki usiku wa manane, shauri yake. Sheria ya makazi ya mwaka 1959 ilifungua mlango wa mikopo nafuu ya serikali ya Marekani, na miaka ya 1960 na 1970 maghorofa haya yakachipuka mijini. Mtu alihamia humo akiwa bado anapanda ngazi bila kushika ukuta. Leo jengo lina miaka 50 au 60, na wapangaji wengi wamevuka 80. Wamezeeka pamoja, ila jengo halina habari.

Mwenye jengo akipata fedha, cha kwanza anachotaka ni ukumbi wa mapokezi: marumaru mpya, makochi, taa za kuning'inia. Picha zinatoka vizuri. Mimi humshika mkono nikamshusha chini, kwenye chumba cha mitambo.

Huko ndiko kwenye kesi. Maghorofa mengi ya enzi ile yana njia moja tu ya maji ya joto na ubaridi: bomba la kupeleka na bomba la kurudisha. Wakati wa baridi hupita maji ya moto, kiangazi hupita maji yaliyopozwa. Yote mawili kwa pamoja hayawezekani. Na kubadilisha si kubonyeza swichi. Boila, yaani mtambo wa kuchemsha maji, inazimwa, maji yanaachwa yapoe, ndipo mtambo wa kupoza unawashwa. Ukiuharakisha unaweza kuuharibu. Sasa sheria ya Chicago inamtaka mwenye nyumba atoe joto kuanzia Septemba 15 hadi Juni 1, lisipungue nyuzi 20 mchana. Jua kali likija Mei je?

Mei 2022 lilikuja. Katika jengo moja la wazee kaskazini mwa jiji, wapangaji walilalamika kwamba ndani hakukaliki, lakini wasimamizi hawakuzima joto, wakiitaja ile sheria. Wanawake watatu wakakutwa wamefariki majumbani mwao. Isomeni ile sheria vizuri: inakataza baridi, haimwamuru mtu kuendelea kuchemsha maji juani. Baadaye jiji likaagiza majengo marefu ya wazee yawe na eneo la pamoja lenye ubaridi. Na huu ndio mji uliopoteza watu wapatao 739 katika wimbi la joto la Julai 1995, wengi wao wazee waliokuwa wakiishi peke yao. Kwa hiyo mtu akiniambia mabomba hayaonekani, tuanze na marumaru, huwa sina subira naye.

Bafuni nitapita haraka. Vishikio vya ukutani viwe sentimita 84 hadi 91 kutoka sakafuni, na vihimili kilo 113. Vikifungwa kwenye jasi tupu vitang'oka na mzee wake. Panahitajika mbao nyuma, na mbao hiyo huwekwa ukuta ukiwa wazi, si vigae vikishakauka. Vitasa vya duara ng'oeni vyote, mkono wenye baridi yabisi hauvizungushi. Halafu choo cheupe, vigae vyeupe, ukuta mweupe: msanifu kijana anaona usafi, mwenye mtoto wa jicho haoni choo kilipo. Kabla ya kuvunja chochote, pimeni asbesto, zile nyuzi za madini zinazoharibu mapafu, kwenye vigae vya sakafu na kwenye mabomba yaliyofungwa, pia madini ya risasi kwenye rangi zilizopakwa kabla ya mwaka 1978, Marekani ilipoipiga marufuku majumbani.

Lifti sasa. Tuseme jengo lina mbili. Moja ikizimwa kwa matengenezo, na ni ya miezi, nyingine inabeba watu wote pamoja na mafundi na vifusi vyao. Nayo ni ya umri uleule. Inachoka, inagoma. Ninyi mnaoishi karibu na yale maghorofa ya zamani ya Upanga, Dar es Salaam, yasiyo na lifti mnajua mzee wa ghorofa ya tatu anavyohesabu safari zake za sokoni.

Mradi wangu wa kwanza nilibandika tangazo kwa herufi ndogo, nikaenda zangu kulala. Lifti ya pili ilipogoma, kulikuwa na watu wamekwama juu bila dawa na bila maziwa. Tangu hapo mkataba wangu huandika saa ambazo fundi haruhusiwi kugusa lifti, hasa asubuhi ya kliniki, na kijana wa kupanda ngazi na mizigo ya wapangaji.

Bibi mmoja wa ghorofa ya 11 alikuwa na mbwa. Kijana wetu alimshusha na kumpandisha kila asubuhi kwa wiki sita. Mhasibu alipoiona ile bili aliniita, akaniuliza mbwa ameingiaje kwenye hesabu za ujenzi. Nikamwambia aandike chini ya lifti.